Nilimhamishia baba kwenye hewa safi ya Tukuyu astaafu kwa raha, kila asubuhi akawa anatafuta moshi wa Likasi

Wakuu, mnaostahili shikamoo pokeeni, wengine mambo vipi.

Kuna uzi humu mkuu mmoja anatafuta nchi ya kustaafia. Ameweka picha za simu yake: mji huu hewa yake kijani, ule njano, ule mwekundu wa kutisha. Watu wamechangia kurasa na kurasa. Nimesoma zote huku nakunywa chai, nikacheka mpaka mjukuu wangu akauliza bibi una nini.

Sikucheka kwa dharau. Kazi hiyo niliifanya mimi miaka ya tisini, bila simu, kwa daftari na kalamu. Niliyempangia ni baba yangu mzazi. Nitasimulia yalivyokuwa, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga.

Mimi ni mzaliwa wa Likasi, Katanga, enzi hizo nchi ikiitwa Zaire. Nimeolewa Tukuyu, mkoa wa Mbeya. Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Alikuja kubeba shaba, akabeba na mimi.

Baba alifanya kazi kiwanda cha asidi. Sisi tukiita tu Kampuni, kwa sababu kule hakukuwa na haja ya kuuliza kampuni gani.

Sasa mnaopima hewa kwa simu, sikilizeni tulivyokuwa tunapima sisi.

Mama akitaka kuanika shuka, kwanza analowesha kidole anakinyoosha juu. Upepo ukitokea kiwandani, shuka zinabaki kwenye beseni. Ukikosea, kesho yake shuka lina vitundu kama chujio la chai. Mchicha, ambao kule tunauita lengalenga, ulikuwa hauoti upande wa kiwanda. Kikohozi tulikichukulia kama ndugu aliyekuja kutembea akanogewa.

Na bado baba alikuwa na ibada yake. Kila asubuhi anatoka uani na kikombe cha chai, anatazama lile bomba refu la kiwanda. Jirani naye yuko uani kwake. Kabla ya habari za kulala, swali ni moja:

"Moshi iko?"

"Iko, tunashukuru."

Hapo ndipo siku inaanza. Moshi ukiwepo, kiwanda kinatembea. Kiwanda kikitembea, unga wa Kampuni utakuja, shule ya Kampuni iko wazi, hospitali ya Kampuni ina dawa, na jiko la umeme linawaka. Sisi watoto tulijua hewa mbaya ni ile isiyo na moshi.

Miaka ya tisini ilipoingia, Kampuni ikaanza kufa. Haikufa siku moja. Moshi unatoka wiki, unakata wiki mbili. Wafanyakazi wanakwenda kazini kukaa kwenye benchi. Katika hali hiyo baba akastaafu, mjane, na kifua kinachopiga filimbi. Daktari wa mtaani akamwambia: "Muzee, badirisha hewa. Ukibakia hapa, kifua itakuuwa."

Nilipopata habari hiyo nilichukua daftari. Kushoto nikaandika LIKASI, kulia TUKUYU. Hewa: kule sumu, huku fresh air ya mlimani. Maji: kule yanakatika, huku mto uko nyuma ya nyumba. Chakula: kule foleni, huku ndizi mpaka zinaoza. Baridi ya Tukuyu niliiandika chini ya "raha". Nimewaambia ujinga nitautaja, huo ni wa kwanza.

Ujinga wa pili: nilijaza ukurasa mzima, sikuweka mstari hata mmoja wa atakaa anafanya nini.

Baba alikuja kwa treni kupitia Zambia. Nilimpokea Mbeya akiwa na sanduku la bati, koti la kazi, na helmeti yake ya kiwandani. Helmeti, wakuu. Mtu amekuja kustaafu.

"Papa, hii ya nini?"

"Ya mvula, mama."

Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Na kwenye mvua alisema kweli. Tukuyu mvua haiulizi mwezi, na mzee wangu akawa anapita sokoni na helmeti ya njano, watu wanampisha wakidhani ni mkaguzi wa barabara.

Asubuhi ya kwanza nilimkuta uani na kikombe chake. Anatazama huku, anatazama kule. Migomba, ukungu, mlima umejifunika.

"Unatafuta nini, papa?"

"Batu ya huku banatumikanga wapi?"

Mama mkwe wangu alikuwa anafagia, akasimama na ufagio mkononi. Wenzangu mnajua, Kiswahili cha kwetu kutumika ni kufanya kazi. Yeye hakujua. Baba akajigeuza amweleze kwa heshima zote: "Miye, bamama, nilitumika myaka makumi tatu kwa acide."

Mama mkwe akashika kiuno. "Pole sana mkwe. Hao waliokutumia miaka yote hiyo kwenye asidi hawana hata haya?"

Nilicheka siku hiyo mpaka nikakaa chini. Siku hizi nikikumbuka sicheki sana, maana nahisi yeye ndiye aliyeelewa vizuri kuliko wote.

Basi, fresh air ikaanza kazi yake. Baba akatetemeka. Baridi ile ilimuingia mpaka kwenye meno. Akatafuta mahali penye joto, na kwenye nyumba ya Tukuyu penye joto ni mahali pamoja tu: jikoni kwa mama mkwe. Kuni mbichi, dirisha dogo la kupitisha kichwa cha kuku, moshi unajaa kuanzia dari unashuka mpaka unakaa mapajani. Mzee akahamia humo na kigoda chake. Asubuhi yumo, mchana yumo.

Baada ya mwezi alikuwa anakohoa kuliko alivyokuja.

Nilikaa na daftari langu nikatamani kulila. Nimemvusha mtu mipaka miwili kumkimbiza moshi, nimekwenda kumfungia ndani ya moshi.

Nikamgombeza. "Papa, toka huko jikoni, unajiua!"

Akanijibu macho yakimtoka machozi: "Hii moshi iko ya bule. Haijui hata fasi ya kuenda." Alikasirika kweli, kama fundi aliyeonyeshwa kazi mbovu.

Kesho yake alivaa helmeti, akaenda gereji ya rafiki wa mume wangu, akarudi na mapipa mawili ya oili yaliyotobolewa. Alikata, akapinda, akapiga nyundo siku nne. Akatoboa paa la mama mkwe wangu bila ruhusa, tukanusurika vita ya ukoo. Siku ya tano jiko lilikuwa na bomba lake la moshi, limenyooka kupita migomba.

Wanawake wa jirani walikuja kuangalia. Waliingia jikoni, wakatoka macho makavu wanauliza fundi atakuja kwao lini. Mama mkwe akasahau paa lake, akawa ndiye anayewapangia foleni.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta baba uani, chai mkononi, anatazama juu ya paa. Mama mkwe akatoka na beseni.

"Moshi iko?" baba akamuuliza.

Yule mama akatazama juu. "Upo, mkwe. Upo mwingi."

Wakuu, ile miezi ndiyo nilidhani nimeshinda. Kifua kikatulia. Akajenga mabomba mtaa mzima, akalipwa kwa kuku na ndizi. Akanenepa. Mama mkwe akajifunza kusema "tunashukuru". Kama uzi huu ungeishia hapa, ningekuwa nauza ushauri.

Halafu ikaja barua.

Aliileta mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge anayepita Tunduma. Ilitoka kwa baba mdogo, mdogo wake baba aliyebaki Likasi, mtu wa utani hata msibani. Baba alinisomea kwa sauti (yaya kwetu ni kaka mkubwa):

"Yaya, moshi imerudia Likasi. Kila asubui inafunika mulima yote. Unakosa kuona."

Akakunja barua. Akaifungua tena. Sijawahi kumuona baba yangu na uso ule, hata siku ya ndoa yangu. Akaingia ndani, nikasikia sanduku la bati linafunguliwa.

Yule mama wa vitenge alikuwa bado mlangoni anakunywa maji. Nikamuuliza, kiwanda kimeanza tena? Akanishangaa. "Kiwanda? Mama, ile ni moshi ya makala. Batu wote banakufa na njaa, banakata miti ku mulima banachoma makala ya kuuzisha."

Nikaenda kumwambia baba hivyo hivyo, kwamba ni moshi wa mkaa. Akanicheka.

"Makala? Likasi? Mama, batu ya Kampuni banapikanga na courant!"

Courant, yaani umeme. Kwake mkaa ulikuwa wa watu wengine, wa porini huko. Mtu wa Kampuni kupika kwa mkaa ilikuwa kama padri kucheza kamari. Nilimwambia tena jioni, nikamwambia na kesho yake. Akasema nasema hivyo kwa sababu nataka abaki ajenge mabomba ya bure. Nikaacha kumwambia. Ningeweza kumsihi, kulia, kumfichia pasipoti. Nilimuona anapiga kiwi viatu vyake huku anaimba, nikakosa moyo wa kumzuia. Huo ndio ujinga wa tatu, au labda ndicho kitu pekee cha maana nilichofanya. Mpaka leo sijui.

Akaondoka. Helmeti kichwani, jua linawaka.

Barua yake ilikuja baada ya miezi. Mstari mmoja tu wa maana: "Hewa iko muzuri sana huku, mama. Usikuye."

Aliposema nisije nikaenda, bila shaka.

Nilifika Likasi kiangazi kilichofuata. Bomba la kiwanda lilikuwa limesimama safi, njiwa juu yake. Vilima vimenyolewa, na mbali, njia ya Kambove, vimoshi vidogo vidogo vya matanuri ya mkaa. Baba mdogo alinipokea ananiomba radhi: alidhani kaka yake ataelewa utani. Nani mwingine angeusoma vile? Mtu wa Likasi tu, tena wa kambi ya Kampuni.

Nilimkuta baba uani. Hakohoi. Naapa, wakuu, kifua cha yule mzee kilikuwa kimya kama cha mtoto. Lengalenga limeota mpaka kwenye ukuta wa kiwanda, kubwa, majani kama viganja. Hewa ile niliyomtafutia kwa daftari na treni ilikuwa imemfuata nyumbani yenyewe, baada ya kila kitu kingine kuondoka.

Siku ya pili nilimfulia. Nikalowesha kidole, nikakinyoosha juu. Wanawake wa jirani wakacheka: huyu ametoka wapi? Nikaanika shati lake jeupe popote nilipotaka.

Baba akasogea, akalishika shati, akalinyoosha kuelekea jua, akalitazama upande huu na upande ule.

"Haina hata tundu moya," akasema. "Mwaka muzima."

Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. Nikamwomba turudi Tukuyu. Nikamtajia jikoni, mabomba, mama mkwe anayemuulizia. Akatikisa kichwa. "Na kama bakiwasha kesho, miye siko?"

Niliondoka peke yangu. Aliishi pale miaka mitatu mingine, kila asubuhi uani, na hawakuwasha. Hakuondoka duniani kwa kifua. Aliondoka kwa malaria, ile ya kawaida kabisa, wakati mji mzima hauna vidonge. Mapafu yake, aliniambia baba mdogo, yalikuwa yanafanya kazi vizuri mpaka mwisho. Nililia kwa hasira, maana kwenye daftari langu mstari wa kwanza ulikuwa hewa, na kwenye hewa nilikuwa nimepatia.

Nilichojifunza? Pimeni hewa, sikatai. Kifua ni kifua. Ila mkuu mwenye picha za simu, umelinganisha miji kumi na miwili, kila rangi umeiweka, na hakuna popote ulipoandika asubuhi ya kwanza huko utatoka uani uangalie nini, na nani ng'ambo ya ua atakuuliza kama kipo.

Jibu hilo hapa chini kabla hujakata tiketi. Na mliokulia kambi za Kampuni, Likasi au Kambove, mkiona nimekosea nirekebisheni, nina ngozi ngumu ya asidi.

Mimi naishia hapa, kumekucha. Lile bomba la mapipa bado limesimama juu ya jiko la marehemu mama mkwe, limeshika kutu, na nyumba nzima sasa inapika kwa gesi. Lakini kila asubuhi nawasha kijiti kimoja cha kuni pale chini, natoka na chai yangu, natazama juu.

Upo, papa. Tunashukuru.