Kengele Kwenye Droo

Sikufukuzwa kazi. Naliweka hilo mbele kwa sababu watu waliosoma wameniambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba sikufukuzwa, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Nilikuwa mfanyakazi wa kuitwa katika nyumba ya wazee, kusini mwa Stockholm. Mfanyakazi wa kuitwa hana ratiba, ana simu. Saa kumi na mbili asubuhi inaingia meseji: unaweza kuja leo saa moja? Unajibu "ja", yaani ndiyo, unavaa, unakimbilia treni ya metro pale Vårby gård na chai bado iko mdomoni. Miaka mitatu nilijibu "ja", hata siku za homa, hata asubuhi ya Pasaka nilipokuwa nimeshavaa kitenge cha kanisani. Nyumba ile ilikuwa ya manispaa, lakini manispaa ilikuwa imeikabidhi kampuni binafsi iiendeshe. Wakati ule sikuona kama jambo hilo linanihusu.

Asubuhi moja ya Novemba nilimkuta bibi wa chumba cha mwisho amekaa sakafuni kando ya kitanda, nguo zimelowa, midomo imekauka. Zamani alikuwa mwalimu, na hata pale sakafuni aliniuliza kwanza kama nimelala vizuri. Mkononi hakuwa na kengele yake, ile inayovaliwa kama saa, ambayo mzee akiibonyeza sisi tunakuja. Niliitafuta chini ya mto, bafuni, hadi kwenye kikapu cha nguo chafu. Nikaikuta kwenye droo ya ofisi ya wafanyakazi, imefungwa kwa mpira pamoja na kikaratasi: "Anapiga mno."

Anapiga mno! Mtu wa miaka tisini na ushei, hawezi kusimama peke yake, unamnyang'anya sauti kwa sababu anaitumia.

Mwenzangu wa zamu, mama mmoja Mkongo, aliiona sura yangu akanishika mkono.

"Mama, weye tulia kwanza. Hapa wanaandikaka. Kamata papier, weka tarehe, saini, tuma manispaa. Usiende kusema na mdomo tu."

Nilimsikia. Lakini mimi ni Mrundi, na baba yangu alinilea hivi: mkubwa hashtakiwi kwa karatasi kabla hajaambiwa. Unamwendea peke yako, unabisha hodi, unamwulizia watoto, ndipo unalitoa neno. Kumwandikia kabla ya kumwambia ni kumvua nguo sokoni. Basi nikabisha hodi kwa mkuu wetu. Alifunga mlango, akanimiminia kahawa, akanisikiliza hadi mwisho. Akanishukuru mara mbili, akasema nimefanya vizuri kuja kwake moja kwa moja. Nikatoka nimefurahi, mjinga mimi, najiona nimemtunzia mtu heshima yake.

Kengele ilirudi mkononi mwa bibi siku hiyohiyo. Na simu yangu ikanyamaza.

Wiki ya kwanza nilidhani kazi imepungua tu. Wiki ya pili nikanunua chaja mpya. Wiki ya tatu nikapiga mwenyewe, nikaambiwa kwa sasa hawahitaji mtu, ilhali yule mama Mkongo alikuwa ameniambia kuna sura mpya mbili kwenye zamu zangu. Binti yangu alikuwa darasa la saba. Kila asubuhi aliniona nimeiweka simu kando ya sahani. Siku moja akaniuliza, kwa Kiswidi, maana nikisema Kiswahili yeye hujibu Kiswidi siku zote, nimefanya kosa gani. Ndivyo alivyouliza, mtoto wangu mwenyewe.

Nikaenda chama cha wafanyakazi. Bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe akanieleza kwa upole kwamba sheria inamlinda mfanyakazi aliyefukuzwa.

"Wewe hukufukuzwa," akasema. "Wewe hukuitwa tu."

Nikamwuliza, je, nikienda gazetini? Akasema mfanyakazi wa manispaa akisema na gazeti, mkuu wake haruhusiwi hata kuuliza nani kasema. Lakini mwajiri wangu ni kampuni, na kinga ile wakati huo ilikuwa haijafika kwenye kampuni. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: akaongeza kwamba sheria inamlazimu kila mfanyakazi wa nyumba za wazee, awe wa manispaa au wa kampuni, kuripoti akiona mzee anatendewa vibaya.

"Kwa hiyo sheria inanilazimisha kufumbua mdomo, halafu nikishafumbua inatazama pembeni?"

Aliuliza kama niliandika. Nikasema nilimwambia mkuu. Akauliza kama nina karatasi yoyote. Sikuwa nayo. Nilichopata kwa mkuu ni kahawa, na kahawa nilishainywa.

Nilimkasirikia mkuu, nikaikasirikia sheria, nikajikasirikia mwenyewe kuliko wote. Nikapata kazi ya usafi uwanja wa ndege, upande wa Märsta, mwisho mwingine kabisa wa jiji.

Julai iliyofuata, Waswidi wameshakwenda likizo kwenye nyumba zao za mashambani, simu ikalia saa kumi na mbili asubuhi. Meseji ilikuwa imetumwa kwa orodha nzima ya watu wa kuitwa, na hakuna aliyekumbuka kulifuta jina langu. Siku hiyo nilikuwa na mapumziko. Nikajibu "ja".

Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa na jina jipya. Bibi mwalimu alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Nikaenda ofisini, nikafungua droo. Safari hii kengele zilikuwa tatu.

Nilizirudisha kwanza, mkono kwa mkono, kwa wenyewe. Kisha nikaketi mbele ya droo ile na karatasi. Nikaandika tarehe, saa, vyumba vitatu, jina langu lote, na saini. Nakala mbili, moja ya manispaa na moja yangu. Nilijua hakuna sheria mpya iliyonisubiri, na kwamba simu ingenyamaza tena, na kweli ilinyamaza. Mkuu alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, kahawa inanukia hadi ukumbini. Aliniona, akatabasamu, akaniita ndani.

Nikapita na karatasi zangu. Sikubisha hodi.