Chausiku na Samaki Aliyesingiziwa

Samaki mwenyewe wala si wa kutisha. Ni mdogo, anajaa kiganja, anakaa kwenye mawe karibu na ufuko. Kosa lake ni moja: ukimvua, anatema vitoto. Basi watu wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ambao hata leo hawasumbuki sana na ushahidi, walihukumu palepale kwamba anakula watoto wake. Wakamwita mumeza-batoto, na mwanamke mwenye mimba hakuruhusiwa hata kumgusa.

Chausiku aliolewa na Abasi, mchonga mitumbwi, Wadachi, yaani Wajerumani, wakiwa ndio wakubwa wa nchi. Alizaa mara mbili, na mara mbili homa ikamchukua mtoto kabla hajatambaa. Mama mkwe wake, Kulthumu, Mmanyema mwenye ulimi wa kupara samaki bila kisu, akampa jina la yule samaki. Alimwita hivyo sokoni, alimwita hivyo akipakua ugali. Abasi alisikia, akaendelea kuchonga.

Mwanamke mwingine angerudi kwao. Chausiku alitaka kwanza kujua kama samaki kweli ana hatia. Ikiwa samaki amesingiziwa, na yeye amesingiziwa. Hivyo ndivyo alivyoyafunga mambo hayo mawili, na hakuna aliyeweza kumfungulia.

Akaanza na mtungi. Samaki akafa. Akatafuta mtungi mkubwa zaidi, akafa tena. Majirani wakacheka kwamba sasa anaua hata wenzake. Yeye akainama juu ya mtungi na kutazama. Akaona kwamba samaki kabla ya kufa anapanda juu, mdomo kwenye uso wa maji, mashavu yakienda mbio kama ya mtu aliyepanda mlima na mzigo. Si njaa, akawaza, ni pumzi. Samaki anapumua maji, na maji yaliyotulia yanachoka. Akachota kwa kata, akamimina kutoka juu mpaka povu likatokea. Samaki akashuka chini, akatulia.

Baada ya hapo akapanga mawe ufukweni, akapata kibwawa ambacho mawimbi yaliingia na kutoka. Humo aligundua kwamba jike mwenye mdomo uliojaa vitoto hali chochote. Wenzake wanaparua mawe siku nzima, yeye anakonda mpaka kichwa kinaushinda mwili. Alimwambia Abasi kwamba mla watoto hawezi kukonda hivyo. Abasi akajibu kwamba labda anakula kidogokidogo. Mume huyo.

Chausiku akawaza kwamba anavificha tu; kilichobaki ni kuona vitoto vikitoka na kurudi mdomoni vyenyewe, na Kulthumu awepo. Bila macho ya Kulthumu, kazi yote ilikuwa bure.

Ndipo amri ikaja. Malale yalikuwa yanaua watu, mbung'o wanaoyaeneza walijaa vichakani, kwa hiyo ufuko wote uhamwe, watu wapande juu. Askari walipita nyumba kwa nyumba. Abasi alibeba mashoka yake, Kulthumu mchi wake. Chausiku alibeba mtungi wa maji, ndani yake jike mwenye mdomo uliojaa.

Mtungi waliuning'iniza kwenye mti mfupi wa kubebea mabegani, Abasi mbele, Chausiku nyuma, mkono wake mmoja ukichota na kumimina, kuchota na kumimina. Njia ilipanda. Watu waliwapita wakiuliza kama hiyo ni supu. Kulthumu alilalamika kilima kizima kuhusu wanaohamisha samaki na kuacha sufuria. Kabla ya kufika juu mkono wa Chausiku ulikuwa umechoka, kata inamwaga nje, na samaki ameanza kupanda juu kutafuta pumzi.

"Leta hiyo kata," Kulthumu akasema. "Unamimina kama mugonjwa."

Akamimina yeye, akitukana, mpaka juu.

Walipotua mtungi, jike alifungua mdomo. Vitoto vikatoka, vikasambaa.

"Sasa utaona anavyobimeza," Kulthumu akasema.

"Tia mukono, mama."

Akatia. Vitoto vikageuka vyote, vikakimbilia mdomoni mwa mama yao, vikisukumana mlangoni. Mdomo ukafungwa. Kulthumu akatoa mkono, akangoja. Mdomo ukafunguka, vikatoka vyote, vizima. Akatia mkono tena. Akarudia mpaka Abasi akachoka kusimama.

Hakuomba msamaha. Alimgeukia mwanawe tu. "Abasi, irudishe kwao. Iko na batoto."

"Mama, askari wamekataza kushuka."

"Sema ni Kulthumu amekutuma."

Abasi akashuka, kata mkononi.

Watu waliporuhusiwa kurudi ufukweni, Chausiku alipanga mawe upya, na akaendelea hivyo mpaka uzeeni, akichunguza samaki wa kila aina: nani anataga mchangani, nani analinda, nani anatelekeza. Kwenye mitungi, aliyeshika kata alikuwa Kulthumu. Siku moja jirani mmoja, kwa mzaha tu, alimwita Chausiku kwa lile jina la zamani. Kulthumu hakuacha kumimina.

"Wewe," akamuuliza, "umetia mukono?"