Bembelezo Katika Wimbo wa Taifa

Tulijazana dukani Majengo, mjini Moshi, roho juu, kutazama mpira wetu na Kenya kwenye televisheni. Nyimbo za taifa zilipokwisha, fundi cherehani akatamba, "Wetu ni sala. Wao wanaimba nini?"

Mama mmoja Mkenya, aliyeolewa Old Moshi, alikuwa anabembeleza mwanawe anayelia. "Wetu pia ni sala, shemeji," akajibu. "Na sauti yake ni bembelezo letu Wapokomo. Bibi alitulaza kwalo."

"Hebu tusikie."

Akauvumisha polepole, bila maneno. Mtoto akalala. Fundi akainuka, akampisha kitini.

Punde Tanzania ikafunga bao. Tuliruka, tukakumbatiana, mikono juu, wote tukishangilia kwa kunong'ona.