Maji ya Kusomea Gazeti

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti na ndoo na brashi, kwa kuwa niliandikwa kama mfanya usafi. Hoteli ilikuwa Nakuru mjini, na katika ukumbi wa mapokezi palikuwa na tangi la samaki la kioo, refu kama lori dogo, lenye tilapia na kambare, samaki wa maji yasiyo na chumvi. Nilikuwa nimesimama pale nikiwashangaa wakati Mhandisi wa hoteli aliponiita kwa kidole. Alikuwa mzee mrefu wa kutoka Molo, mtu wa kuvaa sweta mbili hata Januari.

“Wewe ndiye Priska?”

“Ndiye mimi, mzee.”

“Wageni hutazama mbele. Kazi yetu iko nyuma. Kuja.”

Alinipitisha mlango mwembamba, tukashuka ngazi hadi chumba chenye joto na harufu ya matope mabichi. Humo ndimo lilimokaa tangi la pili, la zege, ambalo mafundi waliliita sampu. Maji ya tangi la juu yalimwagikia kwenye bomba la kona, yakashuka kwenye sampu, yakasafishwa, kisha pampu ikayarudisha juu. Mzunguko huo haukusimama mchana wala usiku.

Mhandisi alinieleza kwamba usafishaji ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kunasa taka: kinyesi cha samaki, chakula kilichobaki, magamba. Hiyo ni kazi ya sponji. Wa pili ni wa vijidudu ambavyo hatuvioni kwa macho. Vinaishi juu ya mawe yenye vitundu, na vinakula sumu inayotoka kwenye mkojo wa samaki. “Sponji utaiosha utakavyo,” alisema, “lakini haya mawe ni kijiji cha watu. Usiwamwagie watu dawa.” Kisha akaongeza jambo ambalo nimeliishi mpaka leo: “Na taka iliyonaswa bado imo majini, mpaka uitoe kwa mkono wako.”

Kasoro ya sampu ile ni kwamba aliyeijenga aliipanga kinyume. Maji yalianza kuangukia mawe, na sponji ikakaa mwisho kabisa, karibu na pampu. Kwa hiyo taka zote zililala juu ya mawe. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na samaki wa nyuma walionekana kama vivuli.

Nilikuwa nimemaliza karibu mwaka mmoja wakati Mhandisi alipokwenda likizo. Wiki hiyo tulikuwa na harusi kubwa, na Meneja Mkuu, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno machache, alishuka chini kwa mara ya kwanza. Akayatazama mawe, akaziba pua.

“Hii ndiyo inachafua maji yangu. Osha yote kwa dawa ya kung'arisha nguo. Kesho nataka maji meupe.”

“Bosi, Mhandisi alisema mawe—”

“Mhandisi yuko wapi?”

Nikayaosha mawe moja moja chini ya mfereji wa mji, yakawa meupe kama mayai. Siku ya harusi kila mtu alisifu. Siku ya tatu asubuhi nilikuta samaki wamekuja juu, vinywa vinafunguka na kufungika juu ya uso wa maji kama watu wanaoomba. Hapakuwa na vijidudu tena vya kula ile sumu. Nilibadilisha maji kwa ndoo hadi mikono ikachubuka. Kufikia jioni tulikuwa tumewapoteza zaidi ya nusu. Niliwabeba kwa toroli la jikoni, nimewafunika kwa kitambaa cha meza ili wageni wasione.

Mhandisi alirudi. Tukasimama watatu kando ya sampu: yeye, Meneja Mkuu na mimi.

“Nani aliosha mawe?”

Nilimngoja Meneja aseme. Alikuwa akitazama saa yake.

“Ni mimi, mzee,” nikasema. “Nilitumwa, lakini mkono ulikuwa wangu.”

Mhandisi hakunigombeza. Aligeuka akamtazama Meneja. Meneja akasema tangi litavunjwa baada ya Pasaka, pale papandwe maua, na mfanya usafi arudi kufagia vyumba. Mhandisi akamwomba nafasi: maji yakiwa safi kufikia Pasaka hiyo hiyo, tangi libaki. “Na Priska abaki hapa chini,” alisema. “Mtu aliyeona samaki wakifa mikononi mwake hatarudia.”

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi.

Jambo la kwanza tulihamisha mawe yakaenda nyuma, na mbele tukaacha nafasi ya kunasa taka. Nikanunua pamba ya kujazia mito na kuishindilia yote pale maji yanapoangukia, nikidhani kichujio kizito ndicho kizuri. Siku mbili hivi maji yaling'aa. Siku ya tatu pamba iliziba kabisa, sampu ikafurika, na maji yakaingia stoo ya mashuka. Mama Mkuu wa Usafi alinisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Niliyakausha mashuka yote mimi mwenyewe, nikalia nyuma ya kamba ya kuanikia.

Jumapili hiyo nilikwenda nyumbani Rongai. Baba yangu alifanya kazi kwenye ghala la nafaka, na nilimpelekea chakula kama nilivyozoea nikiwa mdogo. Nikakaa nikitazama mashine ya kusafisha mahindi. Mahindi yalipita kwenye chekeche tatu: ya juu ilikuwa na matundu makubwa, ikazuia magunzi na majani, ya pili ikazuia vipande vidogo vya magunzi, ya chini kabisa, yenye matundu madogo, ikabakiza mahindi na kupitisha vumbi tu.

“Baba, kwa nini msianze na hii ndogo?”

Baba alicheka. “Ukianza na ndogo itaziba, na siku yako imeisha. Kila chekeche na taka yake.”

Jumatatu sikungoja chai. Mhandisi alijenga kuta fupi ndani ya sampu. Chumba cha kwanza tukakiacha kitupu na kipana, ili maji yapoteze mwendo na taka nzito zishuke zenyewe. Chini yake tukaweka bomba la kuzitoa. Kisha sponji ya matundu makubwa, kisha ya matundu madogo, na pamba ya mito mwisho kabla ya mawe. Juu ya kila ukuta Mhandisi alikata mlango mdogo, ili kichujio kikiziba maji yapite juu yake badala ya kumwagika sakafuni. “Fundi mzuri,” alisema, “hupanga pia siku yake mbaya.”

Pamba ilikuwa ikisambaa ovyo, kwa hiyo nilikwenda mtaa wa Bondeni kwa Bi Zuhura, mshonaji ambaye wazazi wake walitoka Lamu. Nilimweleza shida yangu. Aliivuta pamba kati ya vidole, akauliza, “Sasa mwanangu, mto huu ni wa nani kulala?”

“Ni wa samaki, Bi Zuhura.”

Alicheka hadi cherehani ikasimama. Lakini alinishonea mifuko mirefu kama soksi, yenye pete ya waya mdomoni, nikaweza kuitoa na kuigeuza nje ndani kama mtu anayegeuza soksi za mtoto. Niliiosha kila baada ya siku mbili. Sponji nilizikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si ya mfereji yenye dawa, kwa kuwa sponji nazo zina vijidudu, hata kama mawe ndiyo yenye vingi.

Wiki moja kabla ya Pasaka nilibandika ukurasa wa gazeti wenye tangazo la herufi kubwa kwenye kioo cha upande mmoja wa tangi, nikamwomba Meneja Mkuu asimame upande mwingine, urefu wote wa maji ukiwa kati yake na gazeti.

Akainama. Akavaa miwani. Wafanyakazi wa mapokezi wakaacha simu.

“Shamba linauzwa,” akasoma polepole, “lina maji na… ng'ombe watatu wa maziwa.”

Tilapia mmoja alipita mbele ya ng'ombe, na watu wakacheka. Meneja alivua miwani, akanijia. “Ile siku ya mawe,” akasema, wenzangu wote wakisikia, “amri ilikuwa yangu. Nilipaswa kusema.” Tangi halikuvunjwa.

Mhandisi alistaafu, mimi nikashika kazi yake ya samaki. Baadaye nilichukuliwa na shamba la samaki wa maji ya baridi huko juu Molo, ambako vidole viliganda lakini chekeche zilifanya kazi vilevile. Halafu chuo kimoja kikaniita kufundisha. Siku hizi mafundi wana mashine zinazojibadilishia kitambaa cha kuchujia na kupiga kengele zikiziba. Ni nzuri. Sizionei wivu. Ila naona wengi wanaamini kengele kuliko macho, wanasahau kutia mkono majini.

Nimestaafu sasa, nakaa Lanet na mume wangu. Wiki ya kwanza nyumbani nilikuwa naamka asubuhi, nakaa sebuleni na kikombe mkononi, nimeinamisha kichwa.

“Mama Cheruto, unasikiliza nini?” mume wangu akaniuliza.

Nikafikiri kwanza. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukaa asubuhi mahali ambapo maji hayatembei.

“Hakuna kitu,” nikamwambia.

Akavuta kiti, akakaa karibu nami, tukakisikiliza pamoja.