Jibu la Swali la Saba

Kabla sijaenda Maskati nilifanya kazi Nairobi, katika ofisi iliyoishi kwa fedha za wafadhili, na kazi yangu ilikuwa kuandika maombi ya ruzuku. Nilijua maneno ambayo mfadhili akiyasoma hulainika. Niliweza kuandika "ushirikishwaji" mara tatu katika ukurasa mmoja bila kuona haya. Nayasema mapema ili msomaji asije akanidhania mwema kuliko nilivyokuwa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mpokea wageni kwenye kliniki ya meno, mtaa wa Ruwi, huko Maskati. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko na ya makanisa kukutana, baada ya ibada wanawake wanane wa Kenya tulikutana kwenye chumba cha uani tulichokipanga mtaa wa Wadi Kabir. Kilikuwa na vitanda vitatu vya chuma, jiko la gesi na pazia. Wasichana wa kazi waliokimbia nyumba za waajiri walilala humo mpaka safari ya kurudi nyumbani ipatikane. Kikundi chetu hakikuwa na cheti wala jina. Kilikuwa na ufunguo mmoja tu, na aliyeushika ni mwenyekiti wetu, mpishi wa shule, mama wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Nilimpenda na kumwogopa kwa kipimo kimoja.

Kodi ikaanza kutushinda. Binamu yangu aliyebaki Nairobi akanitumia fomu ya mfuko mmoja wa Ulaya, uliokuwa ukitoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya kutetea haki: za wafanyakazi wahamiaji, za wanawake, na za watu wanaopenda wa jinsia yao. Mkono mtupu haulambwi, na wetu ulikuwa mtupu. Nikaichapisha fomu pale kliniki daktari alipokwenda kula.

Maswali mengi hayakunipa taabu. Walitaka picha za chumba na za wanaolala humo, nikaenda kumwomba ruhusa mwenye nyumba, bibi wa Kiomani aliyezaliwa na kukulia Unguja. Nilimkuta anachambua mchele.

"Picha? Hapana, mwanangu," alisema. "Miye nnataka kodi yangu, na nnataka mlango wangu usitirike. Wanaokuja humo siwaulizi wanakimbia nini. Basi na huyo mzungu wako asiniulize miye."

"Lakini bibi, bila picha watatunyima."

"Wallahi watakupeni. Waandikie, mwenye nyumba mkali."

Nikaandika hivyo, kwa maneno ya adabu zaidi.

Swali la saba ndilo lililokwama. Liliuliza kikundi chetu kinawapokeaje wanawake wanaopenda wanawake, tena tueleze. Nililisoma mbele ya kikao siku ya Ijumaa. Mmoja akacheka, mwingine akajitia kutafuta sukari. Mwenyekiti alikuwa akikata vitunguu, na hakuinua kichwa.

"Si uandike tu ndiyo," akasema. "Kwani nani atapanda ndege kuja kuangalia?"

Wote tukakubali, na mimi nilikuwa wa kwanza. Jumamosi, wagonjwa walipopungua, nikaandika aya nzuri ajabu. Tunawakaribisha kwa moyo wote, niliandika. Kwetu hakuna mwanamke anayeulizwa anampenda nani, na kila aliyefukuzwa kwa ajili ya mapenzi yake ana kitanda na ana dada. Niliisoma tena nikajipongeza.

Mmoja wetu alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi hotelini, na mikono yake haikukosa alama za kuungua. Ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote. Ijumaa ile alikuwa zamu, kwa hiyo hakuwapo kikaoni. Jumamosi alipopita kliniki nilimpa karatasi anisahihishie, maana macho yake yalikuwa makali kwa makosa ya herufi. Aliisoma ile aya, akairudia.

"Wote wamekubali hivi?" akauliza.

"Wamekubali."

"Hata mwenyekiti?"

"Yeye ndiye amesema niandike."

Uso wake ukafunguka. "Kwa hivyo naweza kuja," akasema.

Nilimwuliza aje wapi. Akanieleza kwa sauti ya chini, wagonjwa wawili wakingoja nyuma yake. Msichana aliyekaa naye chumba kimoja kwenye makazi ya wafanyakazi alikuwa amezipata barua zake, barua za mwanamke aliyempenda na aliyemwacha Mombasa. Msichana huyo alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi awe amehama, la sivyo barua zingefika kwa msimamizi. Msimamizi akijua, kazi imekwisha na viza imekwisha. Hakuwa na ndugu Maskati isipokuwa sisi. Kwa wiki kadhaa alikuwa akikitazama kile kitanda cha tatu, ambacho hakikuwa na mtu, na kunyamaza.

Ilinibidi nimwambie.

"Hayo ni maneno ya fomu tu. Tulitaka pesa."

Aliikunja karatasi mara mbili, akanirudishia. "Sawa," akasema. "Herufi hazina makosa."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata Jumapili. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na kwangu mimi aibu haikai sana kabla haijageuka hasira. Nilijikasirikia mwenyewe kwanza, kisha nikawakasirikia wale sita waliokubali pamoja nami. Nikaapa kwamba aya ile haitatoka Ruwi mpaka iwe kweli. Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Kwa hiyo nilikuwa na Ijumaa moja tu.

Ijumaa hiyo nilisimama kabla chai haijamiminwa, nikaisoma aya kwa Kiswahili, pole pole.

"Tulichoandika ni uongo," nikasema. "Nataka kila mmoja aseme kwa mdomo wake kama tutakifanya. Kama hatutakifanya, fomu haiendi."

Kelele zilizozuka sijazisahau. Mmoja aliniambia nimeanza siasa. Mwingine alinyoosha kidole kwenye pazia. "Kuna wasichana wawili wamelala hapo. Kodi ikikosekana watalala wapi, kwa msimamo wako?" Swali lilikuwa la haki, na kidogo niketi. Sikuketi.

"Sikiza," mwenyekiti akasema. "Mzungu nitamdanganya na usingizi nitapata. Lakini wewe unaniuliza uso kwa uso, na mimi nimetoka kanisani sasa hivi. Hayo mambo siyakubali."

"Basi fomu haiendi."

"Basi isiende!"

Rafiki yangu alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakuwa ameniambia kama atasema lolote, na mimi sikuwa nimemtaja.

"Mama," akasema, "nikifukuzwa nije hapa, utanifungulia?"

"Nani amekufukuza?" mwenyekiti akauliza. Ndivyo alivyomwuliza kila aliyefika pale, na mkono ulikuwa umeshaanza kutafuta ufunguo kwenye mkoba.

"Bado hajanifukuza mtu. Lakini nikifukuzwa, itakuwa ni kwa hayo mambo."

Mkono ukasimama ndani ya mkoba. Mwaka uliotangulia mwenyekiti alipolazwa hospitali, ni huyu dobi aliyekaa sakafuni kando ya kitanda chake siku nne, akimwosha na kumbadilisha nguo. Sote tulilijua hilo, na hakuna aliyehitaji kulisema.

"Mbona hukuniambia?" mwenyekiti akauliza.

"Ungenifungulia?"

Mwenyekiti alikaa kitako kitandani, akavaa miwani. "Lete hiyo karatasi," akaniambia. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Hapa umeandika tunawakaribisha kwa moyo wote."

"Ndiyo."

"Futa. Moyo wote sina, na Mungu anaona sina. Andika tunafungua mlango, na hatuulizi." Akamgeukia rafiki yangu. "Na nitakuombea, utake usitake."

"Niombee, mama. Lakini fungua kwanza."

Nilifungua mdomo nipigane. Mimi niliutaka huo moyo wote, na niliutaka siku ile ile. Nilitaka alimeze lile neno lake, hayo mambo. Rafiki yangu akainuka, akanishika mkono, nikaketi. Sehemu yangu moja haijapoa mpaka leo, kwa sababu kitanda cha chuma hakikupasa kuombwa namna ile. Lakini aliyekihitaji hakuwa mimi.

Niliandika upya, sentensi mbili kavu. Kila mmoja alisema ndiyo kwa mdomo wake, na mmoja alisema kwa sauti ndogo hivi kwamba nilimlazimisha arudie. Baadaye sana ule mfuko ulitupatia kodi ya mwaka mzima, wakaongeza salamu kwa mwenye nyumba mkali.

Rafiki yangu hakungoja jibu lao. Kesho yake, Jumamosi saa nane mchana, alishuka teksi Wadi Kabir na sanduku moja. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ili nisimame naye, na maneno makali niliyapanga njia nzima, kwa sababu Ijumaa mtu husema lolote mbele ya watu. Tulikuta mlango umewekewa tofali usijifunge. Mwenyekiti alikuwa ndani, kapiga magoti, kaingiza mkono wenye kitambaa chini ya kitanda cha tatu. Hakutuangalia.

"Vueni viatu," akasema. "Nimetoka kupangusa."