Bahari ya Runyenjes na seng'enge yake

Leo nimefukuzwa kazi kwa kuchora seng'enge.

Ni Julai, baridi inauma vidole, nami niko nje tangu asubuhi nachora bahari kwenye ukuta wa hoteli hapa Runyenjes, mlimani, mbali na Pwani. Mwenye hoteli aliagiza ufuo, minazi na raha tupu.

Cucu mmoja, bibi mzee ambaye ni mteja wake wa kila siku, akasimama na kikombe chake cha chai.

"Seng'enge iko wapi?"

Kumbe wakati wa Emajensi, Mwingereza alipokuwa akiwafunga wapigania uhuru, baba yake aliwekwa kizuizini kwenye kisiwa huko Pwani. Alirudi na habari mbili tu: maji na seng'enge.

Basi nikaichora. Ningefanya nini?

Mwenye hoteli akatoka mbio. "Cucu, watu wanakuja kula, si kulia!"

"Baba yangu aliiona bahari hii. Wewe umeiona wapi?"

"Kwa kalenda."

Kwa kalenda, jamani!

Akaniamuru nifunike seng'enge kwa mnazi. Nikakataa. Akanifukuza, akashika brashi mwenyewe.

Lakini kwa ukungu huu rangi haikauki. Kila akipaka kijani, weusi wa seng'enge unapanda juu.

Cucu ameagiza chai ya pili, amegeuza kiti, anamtazama.

Nyinyi mngefunika?