Mabenchi ya Debora

Debora Wanzagi alipostaafu uhudumu wa wodi katika hospitali moja ya kanisa huko Bunda, wenzake walimpa kitenge, keki na ushauri wa kupumzika. Kitenge alikivaa, keki akawagawia wagonjwa, ushauri akauacha mezani. Wiki iliyofuata alionekana getini na jembe.

Alitaka kipande cha ardhi kati ya mochwari na jengo la kufulia, palipokuwa pamerundikwa vitanda vibovu chini ya mwarobaini. Mume wake, Masatu, alifia hospitali hiyo hiyo. Siku ile mlinzi alimwondoa Debora barazani kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, hoja ambayo kwa upande wa Masatu ilikuwa sahihi kabisa. Debora akaenda kulia kwenye foleni ya choo.

"Nililia huku nasogea," husema. "Zamu yangu ikafika, nikaingia. Ningefanyaje?"

Basi wafiwa wapate mahali pao. Katibu wa hospitali, Faustine, mtu mpole anayependa mistari iliyonyooka, alikubali kwa sharti moja: mvua za vuli zikikuta hakuna anayeitumia bustani, patakuwa maegesho ya magari ya madaktari. Debora alimshukuru. Hakuwa amewahi kushindwa na kitu kinachoota ardhini.

Mfano aliutoa kwenye hoteli moja ya Mwanza alikowahi kupelekwa semina. Akapanda ukoka na waridi. Vijana wa parokia wakamjengea mabenchi manne ya zege, na kibao kikasimamishwa: TAFADHALI KIMYA. USIKANYAGE NYASI. Ilikuwa bustani nzuri sana. Watu walikuja hata kutoka Guta kupiga picha za kipaimara.

Wafiwa hawakuja. Waliendelea kukaa chini mlangoni pa mochwari, juani, katikati ya magari, kina mama wakitandika khanga na kulia kama watu wa kwetu wanavyolia: kwa sauti, wakimwita marehemu kwa jina na kumkumbusha kazi alizoziacha katikati.

Mvua zilipokaribia, Debora aliamua kuuliza. Alimfuata bibi mmoja kutoka Nyamuswa, Wegesa, aliyekuwa akisubiri mwili wa mwanawe.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba. Asante."

"Kule kuna kivuli na mabenchi. Mbona mnaungua hapa?"

Wegesa aliyatazama mabenchi bila haraka. "Mwanangu amelazwa, mimi nikae juu? Nining'inize miguu kama niko kwa kinyozi?"

"Basi kaeni kwenye nyasi."

"Wajukuu wamenisomea. Nyasi mmekataza. Na kulia mmekataza. Sasa kule watu wanaendaga kufanya nini, mwanangu?"

Debora mwenyewe alizaliwa Nyamuswa, na hajawahi kukaa juu ya kitu kwenye msiba wowote, wa mumewe ukiwamo. Semina zina nguvu kuliko tunavyodhani.

Jumatatu aliazima nyundo kubwa. Revocatus, kijana aliyesimamia ujenzi wa mabenchi, alimwangalia kwa uchungu.

"Mama Debora, hilo zege halijakomaa hata vizuri."

"Afadhali. Litavunjika upesi."

Kibao alikipeleka jikoni, kikawa cha kukatia kabichi. Waridi alizihamishia ukingoni, ukoka akaufunika kwa mikeka. Kuhusu kelele, mashine za kufulia hunguruma kutwa. Atakayezishinda kwa kilio ana haki yake.

Tone la kwanza lilianguka siku ile Faustine alipokuja na kamba na chokaa kuchora maegesho. Alikuta mikeka imejaa wafiwa. Akasimama pembeni, kamba mkononi, uso ameuinamisha, akiwaza atawaambia nini madaktari. Mama mmoja akamwona.

"Baba, wewe ni wa upande gani? Usisimame mbele ya msiba. Kaa chini."

Debora alikuwa dirishani pa jengo la kufulia. Hakumsaidia.

Faustine akakaa, na suruali yake iliyopigwa pasi. Mama yule akamsogezea nafasi na kumweleza habari za marehemu, muuza dagaa wa Musoma aliyekuwa na mdomo lakini hakuna aliyelala njaa karibu naye. Katibu akasikiliza. Baada ya muda alionekana akifuta miwani. Gari la kubeba mwili lilipofika, alishika jeneza upande wa kichwani na kutembea nalo mpaka getini, ndugu wakimwita shemeji.

Alirudi na majani yamemganda kwenye suruali.

"Mama Debora, sasa magari ya madaktari yatakaa wapi?"

"Magari hayajafiwa, katibu."

Faustine alifikiri kidogo, akaokota chokaa yake, akaenda kuchora mistari nyuma ya jiko.